Kamera Mbili za Mzee Tabasamu

Mtu ambaye kazi yake ni kuwaambia wenzake watabasamu, yeye mwenyewe hatabasamu. Miaka ishirini na mbili nimepanga chumba ubavuni mwa studio yake, mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na kamera zake upande ule, katikati ukuta wa mbao ambao hata mtu akijikuna unasikia. Kutwa nzima ni hayo kwa hayo: "Kidevu chini. Kidogo tu. Tabasamu. Tayari." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mzee Tabasamu, na ukimtazama usoni utadhani umemkuta anang'olewa jino.

Mimi ni mmbea, nasema mapema tusije tukasumbuana. Yeye anajua. "Fundi," huniambia, "cherehani yako ikinyamaza tu, najua masikio yako yameshafika kwangu." Nami humjibu kwamba ukuta ni wa mwenye nyumba, masikio ni yangu.

Zamani mkewe alikuwa hai, na alikuwa rafiki yangu. Mwanamke mwembamba, mdomo kama cherehani yangu, hapumziki. Walifanya kazi pamoja. Mzee alikuwa na kamera moja nyeusi, ya chuma, nzito kama tofali, aina ile ya wapiga picha wa magazeti. Aliinunua ikiwa imeshatumika, na hata hivyo ilimmalizia akiba yote. Kamera hiyo ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazina: kitufe cha sauti. Ukishapiga picha, unakibonyeza, unasema neno, na sauti inakaa pamoja na picha ile.

Hicho kitufe ndicho kilichokuwa kazi ya mke. Kwenye harusi, mzee akishapiga kundi la watu, anaishusha kamera mpaka mdomoni kwa mkewe, naye anasema humo: huyu ni nani, yule ni nani, nani anataka nakala ngapi. Jioni wanarudi, mke anasikiliza, anaandika majina kwenye bahasha. Katika miaka yote ile hakuna mteja aliyepewa picha ya mtu mwingine. Bahasha zikishaandikwa, mzee anahamisha picha kwenye kompyuta na sauti anazifuta. Za nini tena? Zinajaza nafasi bure. Alizifuta harusi baada ya harusi, kipaimara baada ya kipaimara, mahafali baada ya mahafali, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Miaka sita iliyopita mke aliugua wiki mbili, akafa.

Siku ya mazishi picha iliyowekwa mbele ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa, macho yamemtoka kama aliyeitwa na askari. Watu wakaulizana chini kwa chini, mke wa mpiga picha hana picha? Nikawakata jicho. Mganga hajigangi, hamjui? Lakini moyoni na mimi niliuliza hivyo hivyo.

Baada ya hapo mzee akawa mtu wa kunyamaza. Saa moja asubuhi anafungua, anafagia, anakaa. Wateja wa harusi walikwisha, maana kila mtu ana simu. Wakabaki wa pasipoti na vitambulisho. Nilikuwa nampelekea chai, anasema asante, anaiacha inapoa. Siku nyingine nilikuwa nasikia anasema "Tabasamu," na najua hakuna mteja ndani. Iliniuma sana, na sikuwahi kumwambia kwamba nimesikia.

Walijaliwa binti mmoja, kaolewa mbali, nchi ya watu. Mzee hasikii vizuri kwa hiyo simu anaiweka kipaza sauti, na mimi sina kosa. Mwaka huu binti alipata mimba ya kwanza. Siku moja akauliza, "Baba, huna sauti ya mama mahali popote? Nataka mtoto aje amsikie bibi yake."

Simu ya marehemu ilikuwa ndogo, ya vitufe, haikuhifadhi kitu. Mzee akasema ukweli, maana uongo haumkai: "Zilikuwepo, mama. Nyingi sana. Kwenye kamera. Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote."

Binti akakata simu. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Huyu mwenzangu viwili hivyo vilikuwa vinamjia mwaka mmoja. Miezi miwili binti hakupiga. Mzee alikuwa akiiweka simu mezani mbele yake kama mtu anayelinda maziwa yasifurike.

Kisha ukaja mzigo. Kamera mpya, ndogo, ya kuanzia, ile ya watu wanaojifunza. Na karatasi: "Baba, najua bega linakusumbua. Uza lile jiwe." Hakuandika zaidi.

"Fundi! Njoo hapa," akaniita mzee. "Leta uso wako."

Akanikalisha kwenye kiti cha wateja, nyuma yangu kitambaa cha bluu. Akanipiga kwa ile ya zamani, akanipiga kwa ile mpya. Halafu akazima taa moja, akanipiga tena kwa zote mbili. Akaziweka picha kwenye kompyuta, ubavu kwa ubavu, akavaa miwani.

"Haya, nani kashinda?" nikauliza.

Mzee ana hasira zake lakini hana upendeleo. "Mpya ana macho," akasema. "Tazama hapa penye giza, huyu wa zamani ametoa chengachenga, mpya ametoa safi. Picha yake ni kubwa mara mbili. Tena anapiga na video, mkongwe hapigi. Na ni mwepesi, mtoto wa shule anambeba."

Nikasogea kwenye kioo cha kompyuta. Yesu na Maria! Kila kunyanzi langu lilikuwa pale, limehesabiwa. "Huyu mpya ni mmbea kuliko mimi," nikasema. "Mimi namtaka mkongwe, ana adabu."

Nadhani alikaribia kucheka. Kisha akaishika ile ya zamani, kidole kikaenda mahali pake chenyewe, bila kutafuta. "Huyu ukimwambia piga, amepiga. Mvua imemnyeshea, ameanguka kwenye ngazi ya kanisa, amepiga. Ana nyumba mbili za kadi za kuhifadhia picha, moja ikifa nyingine ipo. Mpya ana moja tu." Akakigusa kitufe cha sauti. "Na hiki hana."

Nikasema nimeacha pasi kwenye moto, nikaondoka. Sikuwa nimeacha pasi yoyote.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mzee akakubali kuuza. Mnunuzi akapatikana, mwalimu wa chuo cha uandishi wa habari, mama mmoja mpole, alitaka wanafunzi wake washike kamera ya kazi hata kama ni ya zamani. Wakaelewana kwamba atakuja Jumamosi saa nne, na ombi lake lilikuwa moja: kamera ije imesafishwa, na kadi zake ziwe tupu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napinda mapazia. Upande wa pili nasikia brashi ndogo, nasikia anapuliza vumbi. Baadaye nikaja kuelewa alichokuwa anafanya. Kadi ya kwanza aliifuta. Ya pili ilikuwa ya akiba: zamani kila picha ilikuwa inajinakili na humo, mpaka ikajaa, akazima huko kujinakili, kadi akaiacha hapo hapo. Alikuwa anaiona kila siku kama unavyouona msumari ukutani. Alijua ina picha kuukuu za harusi fulani, na hizo kwenye kompyuta zipo. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Akasema ngoja nizitazame mara ya mwisho.

Kwenye picha ya kundi la wakwe akaona alama ndogo pembeni, alama ya kwamba hapa pana sauti. Hakuwahi kufikiri kwamba na sauti zilikuwa zinajinakili. Akabonyeza.

Mimi nikasikia rafiki yangu anaongea nyuma ya ukuta.

"Hawa ni wa upande wa bibi harusi. Mwenye kilemba cha kijani ni shangazi mtu, nakala mbili. Huyu mrefu amefumba macho, asimame tena, asije akatulaumu. Haya."

Sindano ilinichoma kidole na sikuisikia. Nilitoka hivyo hivyo na uzi mdomoni. Mzee alikuwa amesimama katikati ya studio, kamera ameishika kwa mikono miwili. Akabonyeza picha inayofuata, sauti tena, majina, nakala. Nyingine, majina. Ilikuwa harusi nzima. Watu wengine aliowataja ni marehemu sasa.

Picha ya mwisho, nadhani mzee alisahau kuachia kitufe. Mkewe alimaliza majina, halafu ikaendelea ngoma ya mbali, watoto, vikombe. Halafu akasema, sauti ya chini, ya nyumbani: "Baba, mbona mimi hunipigi? Leo nimesuka, nimevaa. Hata moja tu."

Na sauti ya mzee, ya zamani, yenye haraka: "Baadaye, mama. Wageni wanasubiri."

"Baadaye yako hiyo," akasema, akacheka, ikakatika.

Nikaijua siku ile. Gauni la zambarau, nililishona mimi. Pindo nililimalizia mlangoni huku mzee anapiga honi, na rafiki yangu akageuka mara mbili mbele ya kioo changu akaniuliza, "Atanitazama?" Nikamwambia atakutazama asipokuwa kipofu.

Mwalimu alikuja saa nne kamili. Mzee alimwambia, "Samahani mwalimu, hii haiuzwi tena." Mama wa watu alitutazama, mimi na damu kidoleni, mzee na macho mekundu, akasema hakuna shida, akaaga kwa heshima.

"Fundi," mzee akaniambia, "mwanangu anaitaka hii sauti." Akakigusa kitufe. "Nikate pale mwisho? Nimwachie majina na nakala tu?"

Nikapandwa na hasira. "Kata!" nikasema. "Ulifuta zote, malizia na hiyo! Ndiyo kazi unayoijua!"

Neno likishatoka halirudi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso. Nilitaka kuomba radhi, mdomo wangu mkubwa huu ukakataa kufunguka. Nikamwekea mkono begani, lile bovu, kisha nikarudi kwangu.

Nusu saa hivi akainuka. Kompyuta yake ni mgonjwa wa siku nyingi, siku hiyo ikagoma kusoma kadi. Kwa hiyo akafanya alivyoweza. Mlango wake ulikuwa wazi, nikamwona. Ile kamera ya zamani akaiweka juu ya kiti cha wateja, mbele ya kitambaa cha bluu. Akawasha taa zote mbili, akazisogeza, akarudisha moja nyuma kidogo kivuli kisikae vibaya. Mpya akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akaiweka kwenye video. Akatazama, akarekebisha. Kisha akaenda kubonyeza kitufe cha mkongwe, na mpya akamsikiliza mkongwe kuanzia shangazi mwenye kilemba mpaka "baadaye yako hiyo." Hakukata kitu. Akairusha video kutoka kwenye kamera mpya mpaka kwenye simu, akamtumia binti yake.

Tulisubiri. Nasema tulisubiri kwa sababu na mimi sikushona kitu siku hiyo. Saa kumi simu ikalia.

"Baba," binti akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Nimemsikia. Nimemsikia mara nne."

"Ndiyo, mama."

"Anavyosema nakala mbili!" Akacheka, kicheko kile kile cha mama yake, na mzee akacheka kidogo naye, mara ya kwanza baada ya miaka sita.

"Baba. Ulimpiga baadaye?"

Cherehani yangu ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Nikajua anajua nipo.

"Sikumpiga," akasema mzee. "Nilimsahau pale pale amesimama."

Binti hakukata simu. Nilisikia analia huko aliko, nikasikia baba yake anaanza naye, kilio cha mtu mzima asiyejua kulia, kinakwama kama gari kwenye tope. Hapo mguu wangu ukaenda wenyewe kwenye kanyagio. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zote, bila kitambaa chini ya sindano, nikakanyaga na kukanyaga ili mzee adhani nina kazi nyingi na sisikii.