Sebule Isiyokuwa na Bati

Enzi zetu nyumba haikusubiriwa iishe. Vikishapatikana vyumba viwili vyenye bati juu, familia ilipakia vyombo na kuhama. Mambo ya lipu na vioo mtayakuta hukohuko. Sie tulitoka kwenye chumba cha kupanga Tandale tukahamia Goba, wakati huo Goba bado pori, ukimwambia mtu unakoishi anakupa pole. Mama alikaa mbele ya lori na redio mapajani. Watoto tulipanda nyuma pamoja na makochi mapya, yakiwa bado ndani ya nailoni.

Vyumba vya nyuma ndivyo vilivyokuwa vimeezekwa. Sebule ilikuwa kuta nne, nondo zimechomoza kwenye kona, na juu yake mawingu. Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alituahidi kwamba sebule itaezekwa baada ya Pasaka. Hakusema Pasaka ipi. Mama naye akapiga marufuku mtu kukalia makochi mpaka sebule iishe, kwa hiyo yalibebanishwa chumbani kwetu nasi tukalala pembeni yake. Ukijigeuza vibaya nailoni inalia, na Mama anakohoa kule chumbani kwake kukujulisha kwamba amesikia.

Lakini raha tuliyoipata sijaiona tena. Kabla ya kwenda shule tulimwagilia tofali kwa maji ya kisima cha bondeni, na zile tofali zikilowa zilitoa harufu ambayo mpaka leo nikiisikia nasimama. Madirisha yalizibwa kwa mifuko ya saruji, ikawa upepo ukivuma nyumba nzima inapiga makofi. Kwenye mchanga wa fundi tulifukia miguu, tukaupigapiga, tukauchomoa mguu taratibu, pakabaki kijumba chenye mlango. Kila mtoto alikuwa na nyumba iliyokwisha, Baba tu ndiye hakuwa nayo. Jioni tulicheza kombolela kwenye maboma ya majirani mpaka tuitwe kula. Watoto wa siku hizi wakitaka kujificha wanazima data.

Mama hakupenda kuona ardhi inakaa bure, akapanda mchicha sebuleni. Ulistawi kweli kweli, tukala mpaka tukauchoka.

Mambo yaliharibika pale mjomba alipokuja kututembelea. Aliporudi kwao Makambako akasimulia, na yeye kwa kuongeza chumvi hajambo, kwamba dada yake kajenga jumba Dar, lina sebule kubwa na makochi ya kisasa. Bibi, mama yake Mama, kusikia hivyo akatuma salamu kwamba anakuja kuona. Hapo Mama akakosa raha. Bibi ndiye aliyemwambia, wakati anaolewa na mwalimu asiye na kitu, kwamba atazeekea kwenye vyumba vya watu. Maneno yale Mama alikuwa ameyabeba miaka yote, na alitaka siku Bibi akija ayameze mwenyewe.

Alimbembeleza Baba aezeke. Baba akasema mshahara bado. Basi Mama akashona mapazia ya kitenge akayatundika kwenye madirisha ya sebule yanayotazama barabarani. Ukipita nje ungeapa kwamba ndani kuna watu wanakunywa chai. Kwenye mlango wa ndani wa sebule akatundika khanga mbili. Sie tukaelekezwa kwamba Bibi atapokelewa kwenye kibaraza cha nyuma, na akiulizia sebule, inapigwa rangi.

Bibi akafika mchana, amechoka, kiuno amekishika. Aliyasifu mapazia tangu barabarani. Tukampa shikamoo zetu, akanywa maji, kisha akaulizia sebule. Mama akasema inapigwa rangi. Bibi akanusa, akasema mbona hakuna harufu, akainuka mwenyewe na kuzisogeza zile khanga.

Akaukuta mchicha. Akautazama, akainua kichwa akatazama juu, halafu akamgeukia Mama. Mama alikuwa anaangalia chini kama mwanafunzi aliyekosa hesabu ubaoni.

"Mama, hatujaezeka bado," alisema. "Nilitaka uje ukute imeisha."

Sie tulijua sasa Mama anasemwa.

"Mwanangu, hapa kuna mwenye nyumba anayeweza kuja kukutoa?"

"Hakuna, Mama. Ni kwetu."

"Basi leteni hayo makochi nikae. Mgongo unaniuma na lile basi."

Tukayabeba sie na Baba. Mama mwenyewe akaichana nailoni kwa kisu cha jikoni. Bibi akajinyoosha kwenye kochi refu katikati ya mchicha, akafunika kichwa kwa khanga kwa ajili ya jua, akaanza kumsema Mama kwamba miche ameibananisha. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku zote Bibi alizokaa kwetu tulitoa makochi asubuhi na kuyaingiza jioni, na majirani wakawa wanakuja kukaa sebuleni kwetu.

Sebule iliezekwa baada ya Pasaka nyingi sana. Bibi alikuwa ameshafariki. Fundi aliposhuka kwenye ngazi, Mama aliingia akafagia, akakaa peke yake akalia. Baba alidhani ni furaha. Mie nilijua analia kwa sababu aliyemtaka aione hayupo, na niliumia sana.

Siku hizi watu hatuhami hivyo. Tunataka jipsamu, taa za darini, na bomba la jikoni la kupiga picha ya kurusha kwenye grupu. Wanangu nikiwaambia habari ya kuhama wanauliza kama kuna intaneti kabla ya kuuliza kama kuna choo. Nami nawacheka, wakati nimepanga Mikocheni mwaka wa ngapi huu, na nyumba yangu Kigamboni ina bati, ina milango, inasubiri tailizi. Mama kila Jumapili ananiuliza ataiona lini, nami kila Jumapili namwambia avumilie, nataka akija akute imeisha.

Jumapili iliyopita nilimjibu hivyohivyo. Akaweka kikombe chini.

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu," alisema. "Mie goti hili halisubiri tailizi. Nataka nije kwako nikiwa bado natembea mwenyewe."

Jumamosi tunahama. Sakafu ni saruji tupu na dirisha moja la jikoni bado halina kioo. Fundi wa tailizi alinipigia jana akasema sasa yuko tayari kuanza. Nimemwambia asubiri kwanza, Mama anakuja.