Kanda Iliyoandikwa Akiba

Aliyefuta sauti ya Bibi ni mimi, si kaka yangu Nasor, na nimelikana jambo hili tangu nilipokuwa chuo kikuu mpaka leo mvi zimeniingia (nazipaka hina, lakini hainisaidii kitu).

Miaka ile Nasor alikuwa na kompyuta ya nyumbani, ya kuchomekwa kwenye televisheni, na diski zake za flopi zilikuwa tabu kupatikana, kwa hivyo flopi ikijaa tunahamishia vilivyomo kwenye kaseti, kaseti ya redio hii hii ya kawaida, kisha tunaifuta flopi tukaanza upya. Siku moja nataka kuhifadhi barua yangu ya kuomba kazi, kaseti tupu hakuna, nikafungua kabati la Mama nikaona moja kaiandika kwa mkono wake: AKIBA. Nikawaza tairi la akiba, nikasema basi hii ya ziada, nikarekodi. Kumbe Mama alikusudia akiba ya kuwekwa na kutunzwa: Bibi alikuwa akituma barua zake kutoka Unguja kwa kaseti, na hiyo ndiyo ya mwisho kabla hajafariki. Mama alipoiweka kwenye redio ikapiga ukelele wa mashine (maandishi ya kompyuta kwenye kaseti ndivyo yalivyo, mlio mtupu), akaizima papo hapo na hakuigusa tena. Lawama ikamwangukia mwenye kompyuta. Mama alimnunia Nasor mwezi mzima, nami nikamsaidia kununa.

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwa Mama, mjini Sib huku Uarabuni, ukumbi umejaa jamaa, halwa na kahawa zinazunguka. Mama, ambaye siku hizi mambo yanamtoka kichwani, akasema ghafla, "Nnataka kumsikia mama yangu. Sauti yake nnaisahau."

 Laiti ningenyamaza! Lakini nikajitia kujua: "Ile kanda imeliwa na joto, Mama. Mpeni fundi yeyote, atakwambieni."

"Wallahi umesema, dada," akajibu Nasor, akainuka. "Yuko fundi mtaa wa Khuwair ya Kusini anasoma kaseti za kompyuta za zamani. Leo nnataka anisafishe jina."

Akaitoa ile kanda kabatini, akaondoka nayo. Sikujua kama kuna mtu duniani bado anasoma vitu vile. Mama akaiweka simu yake pajani, asiiachie hata alipomiminiwa kahawa, na kila mara ananiuliza mimi, "Atampata, eti?" nami namjibu "Inshallah". Mara mbili nilifungua kinywa niseme, mara mbili nikatia halwa.

"Zuwena," akasema Shangazi Moza, "mbona jasho linakutoka na baridi ya AC yote hii?"

"Kahawa, Shangazi."

"Kikombe hujakigusa."

Simu ikalia. Mama hasikii vizuri, kwa hivyo simu zake zote anazipigisha spika, na Nasor analijua hilo vizuri sana.

"Mama, fundi kaisoma. Nnakusomea: 'Mimi, Zuwena binti Salim, ni mtu mwangalifu, mwaminifu, na ninatunza vizuri mali ya watu.'"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Mwaminifu!" Shangazi Moza akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nilitamani zulia linimeze. Mama peke yake hakucheka, hata hakunitazama.

"Na mama yangu?"

 Nikaisogelea simu.

"Barua ya huyu mwaminifu wako fupi, Mama, imekula dakika chache tu. Tungeiacha iendelee siku ile tungesikia. Sikiliza."

Mkwaruzo, kikohozi, kisha sauti nyembamba ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau: "...wote nawasalimu. Na huyo Zuwena mwambieni akome kugusa vitu vya watu."

Mama akaikumbatia simu kifuani, machozi yanamtiririka, ndipo akanigeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."