Mlango wa Bi Hind

Bi Hind aliivua ile miwani ya kompyuta kama mtu aliyekuta nge ndani ya buibui.

“Umenianika barabarani, Bashira!”

“Vipi tena, Bi Hind?”

“Mlango wangu mtu anaugusa tu, unafunguka! Hatua tatu yuko chumbani, kitanda changu hicho. Hodi iko wapi? Futa.”

 Bashira ni mchora hina wa Kiponda, miaka arobaini na nne, elimu yake darasa la saba. Miezi mitatu alikuwa akijifunza kujenga dunia za kuingia kwa miwani, kati ya vijana waliomcheka ngazi zake zilipoishia hewani. Nyumba ya Bi Hind, na sauti ya mwenyewe akisimulia siku aliyoingia humo bibi harusi, ndiyo kazi yake ya mwisho. Mkaguzi anakuja alasiri. Asiye na kazi, hana cheti.

“Nipe mpaka alasiri. Isipokuridhisha, nnafuta mbele ya macho yako.”

“Nshasema futa.”

“Nshasikia. Lakini uje.”

Akamwendea mwalimu wao, Khalil, akamtaka amfundishe kufunga mlango, ufunguke kwa kitufe atakachoshika mtu asiyevaa miwani.

“Mama, mgeni hatongoja. Atavua miwani.”

“Na avue! Kwani kwao wanaingia kama kuku?”

Alasiri mkaguzi, Bwana Wakil, akavaa miwani. Akausukuma mlango. Haukufunguka.

“Mlango wako mbovu, bibie.”

“Piga hodi, bwana.”

Vijana wakacheka. Nyuma yao Bi Hind amekaa kitako, kitufe mkononi, uso mkavu kama ngozi ya ngoma.

“Hodi!”

Bi Hind hakutikisika.

“Hodi, wenyewe!”

Kimya. Bashira alihesabu hodi kwa vidole. Imebaki moja. Mara tatu bila jibu mgeni hugeuka akaenda zake. Ndiyo ada, na hapo miezi mitatu imekwenda na maji. Wakil akashika miwani kama anayetaka kuivua. Akasita. Akashusha sauti, kama mtu aliyekumbuka alivyolelewa.

“Hodi, jamani.”

“Nani?” Bi Hind akauliza.

“Wakil, mama. Wa Kiembe Samaki. Shikamoo.”

“Marahaba. Na viatu?”

Mkaguzi mzima akainama, macho yamezibwa, akapapasa kamba za viatu vyake, akavivua pale pale sakafuni. Safari hii hakucheka mtu.

Bi Hind akabonyeza. “Karibu. Ukumbini tu.”

“Chumbani hafiki, Bi Hind,” Bashira akamnong’oneza. “Nshashusha pazia. Sauti yako ataisikia kutoka nyuma ya pazia.”

Kitufe Bi Hind bado kakishika.

“Hii usifute,” akasema. Kisha akawageukia vijana. “Mwengine ajitayarishe. Na viatu avue kabisa, nisiulize mara mbili.”