Kujikuna Bila Kujua Sababu

Ilianza na mstari wa vipele kwenye mkono wa kushoto, vimefuatana kama mshono wa cherehani. Niliviona asubuhi nikinawa, nikadhani ni mbu, nikaenda kazini. Wakati ule nilikuwa nasaga mihogo kwenye mashine ya mama mmoja mjane, pale Walikale mjini, na mama huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba yetu. Nyumba yenyewe ilikuwa safu ndefu ya vyumba vya mbao chini ya bati moja, na kati ya chumba na chumba palikuwa na mbao nyembamba tu. Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Mama alikaa chumba cha kwanza, karibu na barabara. Mimi na mke wangu tulikaa cha mwisho, karibu na choo.

Mimi ni mtu wa vilima. Nilizaliwa Nyamitaba, kwenye ng'ombe na maharage na baridi ya asubuhi. Mke wangu ni wa huku msituni, na mashamba ya kwetu yalipokuwa hayalimiki tena kwa amani nilimfuata kwao. Watu walinionya kuhusu mvua, matope na malaria. Nilijiandaa kwa hayo yote.

Vipele viliongezeka. Vilitoka shingoni, mgongoni, kwenye vifundo vya miguu. Vingine vilivimba vikawa vigumu kama punje za mahindi. Kilichonichanganya ni kwamba mke wangu hakuwa na kitu. Tulilala kitanda kimoja, chini ya chandarua kimoja, tukala sahani moja, tukaoga maji ya dumu moja. Nilimgeuza mikono yake mlangoni, kwenye mwanga, nikatafuta. Ngozi yake ilikuwa safi kabisa.

"Unatafuta nini?" aliniuliza.

"Sijue."

Nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi alinitazama bila kunigusa, akasema ni upele wa kuambukiza, akanipa dawa ya kujipaka, mimi na mke wangu pamoja. Tulijipaka. Chumba kizima kilinuka kiberiti. Mke wangu, ambaye hakuwa anaumwa, alibabuka kidogo kwa dawa ile, na mimi niliyekuwa naumwa sikupona. Nikaacha mafuta ya mawese. Nikaacha samaki wa kukauka. Tukabadilisha sabuni. Kila nilipoacha kitu, siku mbili tatu zilipita vizuri, nikasema ndiyo, nimekipata, kisha asubuhi moja naamka nina mstari mpya tumboni.

Chandaruani, karibu na kona za kitanda, kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi. Tuliviona. Mke wangu alivifua. Tulidhani ni ukungu, maana huku kila kitu kinapata ukungu, hata viatu vilivyo miguuni.

Kazini, wanawake walioleta mihogo yao walianza kunitazama mikono. Mmoja alichukua beseni lake akasema atarudi baadaye, na sikumwona tena. Kisha siku moja mama mwenye mashine aliniita pembeni, nyuma ya pipa la mazuti, mafuta ya mashine. Alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu, ingawa jua lilikuwa linawaka na yeye si mtu wa kusikia baridi.

"Mwanangu," alisema, "bantu banaogopa. Banasema uko na ugonjwa, na unagusa unga yabo. Mimi sikufukuze. Enda upumuzike kwanza, ukipona utarudia."

"Mama, nitapona na nini? Sijue hata niko naumwa nini."

"Hata mimi sijue," alisema, akavuta mikono ya sweta yake mpaka kwenye vidole.

Nikiwa sina kazi, njia ya vilimani nayo, iliyokuwa si salama, ikawa imefunguka kidogo, nilipanda pikipiki nikaenda Nyamitaba kumwona mama yangu mzazi. Nililala kwenye chumba changu cha ujana, kwenye mkeka juu ya majani makavu. Sikujikuna. Kila siku vipele vilinyauka zaidi, na mwishoni mwa wiki ngozi yangu ilikuwa imebaki na madoa ya kahawia tu.

Mama alinitazama nikinywa maziwa. "Ule mwili yako haipende kule," alisema.

"Mwili inaweza kukataa mahali?"

"Mahali, ao muntu."

Neno lile nilirudi nalo juu ya pikipiki, kupitia vilima, kisha tulipoanza kushuka kwenye msitu na joto likaanza kunishika mashavu. Nilijaribu kulifukuza. Nilikuwa Mkristo, nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne la sekondari, nilijua kwamba mtu hawezi kumtia mwenzake vipele kwa kulala karibu naye tu. Sasa kwa nini kwetu nimepona bila dawa? Kwa nini yeye hana hata kimoja?

Alinipokea kwa furaha. Alikuwa amepika sombe ya majani ya mihogo, akaninawisha mikono, akaishika akaigeuzageuza. "Umepona!" alisema. "Walikupa dawa gani?" Nikasema hakuna. Alicheka, kisha kicheko kikamwisha polepole, na nikajua kwamba na yeye amefikiria kile nilichofikiria.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na mstari mpya, kutoka sikioni mpaka begani.

Tuliishi vibaya siku zile. Hatukugombana, ingekuwa afadhali. Yeye alihamia kwenye mkeka sakafuni, akisema kitanda kinatubana, na mimi nikabaki juu peke yangu. Bado niliumwa. Nikabadilishana naye, nikalala mimi chini. Bado niliumwa. Kwa hiyo hata kitanda nikakiondolea lawama. Shangazi yake mmoja alikuja kutoka kijijini akasema kwamba nilioa bila kufanya yale yaliyopaswa kufanywa kwa wazee wao msituni, na kwamba ngozi ndiyo inalalamika. Mke wangu alimjibu kwa lugha yao, kwa ukali, shangazi akaondoka bila kula. Nilipouliza amemjibu nini, alisema, "Nimemwambia sisi tunaomba. Kesho nitaita pasta."

Pasta alikuja alasiri, baada ya mvua. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, kola imesimama. Tulikuwa na kiti kimoja chenye mto, kilichokaa sikuzote kwenye kona, kimeegemea ukuta wa mbao. Tulimkalisha hapo. Alituuliza habari, tukamweleza. Alisikiliza kwa makini, akasema kuna magonjwa ambayo Mungu peke yake ndiye anajua majina yake. Kisha akaweka mkono wake kichwani mwangu akaanza kuomba kwa sauti.

Nilifumbua macho. Sijui kwa nini. Labda shingo ilikuwa inaniwasha. Nikaona mdudu anatoka kwenye ufa wa mbao, nyuma ya bega la pasta. Alikuwa bapa, wa rangi ya chai kali, mdogo kuliko punje ya dengu. Alishuka kwenye ukuta, akapanda kwenye kola nyeupe, akaanza kutembea juu yake bila haraka.

Mkono wa pasta ulikuwa juu ya kichwa changu na alikuwa anaiamuru roho ya uchungu initoke. Nilimtazama mke wangu. Na yeye alikuwa amefumbua macho, anamtazama mdudu. Alinyanyuka taratibu, akanyoosha mkono, akamnyakua kwa vidole viwili.

Pasta alinyamaza katikati ya neno. "Iko nini?"

Mke wangu alimbonyeza mdudu kwenye ukucha. Alipasuka, na kidole chake kikawa chekundu. Harufu ilitoka, kama ya majani yaliyoozea ndani ya maji.

"Kunguni," mke wangu alisema.

"Na hiyo damu iko yangu?" pasta aliuliza, akishika shingo yake.

"Hapana, Papa pasta. Wewe alikuwa hajakuuma bado."

Tulikitazama kile kidole, sote watatu. Nilijaribu kufahamu kwamba damu ile inaweza kuwa yangu. Kunguni nilimjua kwa jina tu. Kwetu, kwenye baridi, tuliwajua viroboto. Pasta alisimama, akatikisa shati lake, akatazama kiti, akatutazama sisi.

"Basi, tuendelee kuomba," alisema. "Lakini tuombe inje."

Tulimalizia maombi uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Alipoondoka nilichukua nyundo nikafungua kitanda. Kwenye kila kiungo, pale ubao unapoingia ndani ya ubao mwingine, walikuwa wamejaa, wakubwa kwa wadogo, na mayai meupe kama chumvi. Nilifurahi na kutapika kwa wakati mmoja. Mke wangu alikaa chini matopeni akalia, na mimi nilifikiri analia kwa kinyaa, mpaka aliposema, "Nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi."

Niliketi karibu naye.

Yule muuguzi, nilipomrudia na mdudu ndani ya kichupa, alijikuna kichwa. Alisema mstari ule wa vipele ndivyo wanavyouma, wakitembea. Nilimuuliza kwa nini mke wangu hawamuumi.

"Banamuuma," alisema. "Iko bantu mwili yabo haionyeshe."

Nilipomwambia mke wangu, alikasirika kuliko nilivyotarajia. "Kumbe bananikula siku zote hizi bila hata kuniambia!" Alijitazama mikono yake iliyo safi kama mtu aliyeibiwa na hajui ameibiwa nini.

Tulimwaga maji ya moto kwenye viungo vya kitanda. Tulinunua unga fulani sokoni, hauna jina wala maandishi, tukaunyunyiza ukutani. Ulituumiza vichwa na jirani yetu wa pili akaanza kukohoa. Kunguni walipungua kwa siku chache. Kisha yule jirani, mama kijana ambaye mume wake alizoea kuchimba madini upande wa Bisie, alitoka asubuhi na mtoto wake mgongoni, uso wa mtoto umevimba. Tulielewa kwamba tumewahamishia kwake.

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba. Alikataa kabisa. "Nyumba yangu haina wadudu. Kama biko, ninyi njo mulibileta." Nilitaka kumjibu, lakini nikakosa uhakika. Labda ni sisi kweli. Kitanda tulikinunua kimetumika. Au ni mume wa jirani, na mizigo yake ya porini. Au walikuwa ndani ya mbao kabla yetu sote. Mpaka leo sijui, na kila niliyemuuliza ana jibu lake.

Mke wangu ndiye aliyechoka kuuliza. Asubuhi moja jua lilipotoka safi, alikunja godoro letu akalibeba kichwani, akapita nalo mbele ya milango yote mpaka mbele ya nyumba, kando ya barabara, akalitandaza pale watu wote wanapopita. Nilimfuata nikimwambia ni aibu, watu watasema.

"Baseme," alisema. "Bantu bote kumbe banajikuna."

Tulitoa kitanda, nguo, kile kiti. Wapita njia walisimama. Kisha jirani wa pili akatoka na godoro lake, bila kututazama. Kisha mlango mwingine, na mwingine. Vitu vyetu vyote vilikuwa nje, na vilikuwa vichache, na vilifanana.

Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni kwake muda mrefu. Nilidhani atatufukuza. Akavua sweta. Mikono yake, kutoka viganjani mpaka mabegani, ilikuwa imejaa alama kama zangu, mpya na za zamani.

"Mimi nilifikiri iko damu ya uzee," alisema. "Nilienda mpaka kupimisha sukari." Aliniangalia. "Na nilikufukuza ku kazi."

"Ulisema hukunifukuza, mama."

"Nilisema."

Alitutuma tuchukue pipa tupu la mashine. Tuliwasha moto uani, tukachemsha maji kutwa nzima, tukamwaga kwenye mbao za vyumba vyote kwa pamoja, ufa kwa ufa, kila mtu na sufuria yake, halafu tukaziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na majivu. Mvua ilitukuta magodoro bado yako nje. Tulikimbia nayo ndani, tukicheka, tukijua kwamba itabidi tuanze tena. Tulianza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Polepole asubuhi zisizo na alama zikawa nyingi kuliko zenye alama.

Mke wangu alirudi kitandani. Mimi nilirudi mashineni. Nilimpigia mama yangu simu Nyamitaba nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama anajikuna tangu nilipolala kwake. Alisema hapana. Lakini mama yangu ni mtu asiyemwambia mtoto kwamba anaumwa, kwa hiyo sijui niliamini nini. Na mimi bado najikuna. Naamka, nawasha tochi, nafunua shuka, hakuna kitu. Ngozi yangu imejifunza jambo ambalo haliko tena, au liko na halijaonekana.

Majuzi chumba cha katikati kilipata wapangaji wapya, mume na mke, wamekuja na pikipiki mbili zilizobeba magodoro, meza na kiti kirefu cha sponji kilichochakaa. Sote tulitoka milangoni tukasimama. Kijana alitusalimia mara mbili. Tulimjibu, lakini hakuna aliyejua namna ya kuuliza.

Mama mwenye nyumba alimsogelea akamshika mkono. "Karibu, mwanangu. Hivi bintu, tubiweke kwanza hapa ku jua."

Kijana alitazama juu. Mawingu yalikuwa yamefunika mbingu yote, hapakuwa na jua hata kidogo. Alimtazama mke wake, kisha akatutazama sisi.

Tulimsaidia kushusha, tukavipanga vyote uani.