Nilifukuzia Pointi za Ndege kwa Mabati ya Kina Mama

Kosa ni langu. Nimejaribu kuwasingizia benki, nikamsingizia wifi yangu, hata mvua nimeilaumu, lakini kila nikilala najikuta nimeamka naranda jikoni. Wacha niseme, labda nitatulia.

Mimi ni mama wa duka huku karibu na Karurumo, upande wa Embu. Nauza mitumba na maharagwe, na Nairobi nilikuwa naenda mara kwa mara kuchukua marobota. Tena nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kina mama. Kazi yetu ni moja: tunachanga, pesa zikitosha tunamnunulia mmoja wetu mabati atoke kwa nyumba ya nyasi. Kisha tunaanza kumchangia mwingine.

Sasa, bwana mmoja wa benki kule Nairobi akanionyesha kadi mbili za mkopo. Moja ilikuwa ya wafanyabiashara wadogo: ukinunua stoki au mafuta ya gari, wanakurudishia kidogo kwa akaunti. Ya pili ya wasafiri: kila ukinunua kitu unapata pointi, zikijaa unapewa tiketi ya ndege bure. Lakini ada yake ilikuwa juu, na usipomaliza deni mwisho wa mwezi, riba yake inauma kuliko ya ile nyingine.

Nilimwelezea mume wangu, ambaye ni mwalimu. Akanisikiza hadi mwisho.

"Mama Mugo, kwani wewe husafiri wapi?"

"Nairobi."

"Kwa ndege?"

"Kwa matatu."

"Basi chukua hiyo ya biashara."

Alikuwa sawa kabisa. Lakini si yeye hukaa jikoni na dada yake kila Krismasi! Huyo wifi yangu alipanda ndege mara moja tu, kwenda Mombasa, na tangu siku hiyo hatujasukuma chapati kwa amani. Mara mawingu yanakaa chini yako, mara unaletewa chai ukiwa juu. Roho ilikuwa inaniwasha. Nikachukua ya wasafiri, na mwalimu sikumwambia.

Kumbe wenye marobota hawataki mambo ya kadi, wanataka pesa mkononi. Pointi hazikusonga. Ndipo nikakumbuka mabati. Kulikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi Nairobi lililokubali kadi, nikawaambia kina mama kwamba mabati ya huko ni bei nafuu kuliko ya Embu. Ukiweka nauli ya lori haikuwa nafuu hata kidogo, na hiyo nauli walichanga wao. Mimi nalipa kwa kadi, pesa zao nabaki nazo mpaka benki wadai.

Mama wa kwanza alipata mabati yake, wa pili pia. Pointi zikapanda, nami nikawa siwezi kukaa chini. Hata kanisani mchungaji akihubiri mimi niko angani.

Pesa za chama nazo nikaona zimelala bure. Nikazinunulia maharagwe nikingoja bei ipande. Watu wakavuna vizuri kila mahali, bei ikaanguka, wadudu wakaingia kwa magunia. Benki walipodai nikawalipa kidogo kidogo, riba ikaongezeka.

Ikafika zamu ya Mama Njeru, mjane mwenye watoto wadogo. Huku kwetu siku ya mabati nyasi huezuliwa asubuhi, ili mabati yakifika fundi aanze papo hapo. Kina mama hufunga vitambaa vya chama, wangoje barabarani, kisha wajitwike mabati wakiimba hadi nyumbani.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Njeru alikuja dukani.

"Niezue kesho, ama ningoje uone lori kwanza?"

Nilijua kadi yangu imeanza kuyumba. Nilijua, na nikamwambia, "Ezua."

Kesho yake huko Nairobi kadi ilikataa. Mwenye duka alipiga simu benki, akasikiliza, kisha akachukua makasi akaikata kadi mbele yangu. "Pole mama, wamesema nisikurudishie." Pointi nazo zikafutwa zote.

Niliporudi walikuwa barabarani, wamejipanga na vitambaa vyao, wanaimba.

"Lori liko nyuma?" Mama Njeru akauliza.

"Hakuna lori."

Wimbo ukafa. Mvua ilinyesha kabla hata hatujapata nailoni ya kufunika. Tulibeba magodoro yameloa, unga umeloa, watoto wanatetemeka, tukawapeleka kwa jirani. Nilibeba na mimi.

Jioni hiyo nilimweleza mwalimu yote. Hakunipigia kelele. Asubuhi alipanda juu ya duka letu akaanza kung'oa misumari ya mabati yetu.

Kina mama wakaja kuchukua hayo mabati. Nilipoinama nijitwike bati moja, Mama Njeru akalishika.

"Wacha tu, Mama Mugo. Wewe pumzika."

Wakaenda wakiimba. Mimi nikabaki kwa duka lisilo na paa. Uweka hazina walimpa mwingine, maharagwe niliyauza kwa bei ya kutupa, na benki bado nawalipa.

Wewe unayelinganisha kadi saa hii, za biashara na za safari, usianze kuuliza ni ipi ina pointi nyingi. Jiulize pesa utakazopitisha hapo ni za nani. Kama si zako, achana nayo uende nyumbani.

Mama Njeru nikikutana naye sokoni hunisalimia vizuri, ananiuliza watoto. Siku ile hajawahi kuitaja. Ni mimi mvua ikianza huzunguka njia ndefu, nisipite kwake.