Mtoto Aliyefutwa Mgongoni

Juzi nilirudi kwetu, karibu na Ekerenyo, kwa mazishi. Ndani ya kanisa jipya nikaikuta ile picha ukutani: waumini wameinamisha vichwa, mwanga wa dirisha ukiwaangukia mabegani. Mgeni angesema ni picha ya utulivu. Mimi nywele zilinisimama.

Wewe hukuliona kanisa letu la zamani. Lilikuwa la udongo, na kila Jumamosi mimi na nyanya tuliipaka sakafu yake samadi mbichi, kisha tukarudi nyumbani kula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu niliyojifunza kuipenda. Harufu ya sakafu ile ndiyo iliyokuwa Jumapili yangu.

Kisha padri akaleta mchoraji. Akakaa nyuma, akatuchora tukisali. Nyanya hakumwamini tangu siku ya kwanza. "Mtu mzima haji kanisani kutazama wenzake wakiwa wamefumba macho," alisema. Naye akaanza kusali jicho moja wazi.

Haukupita muda, mtoto mchanga wa jirani yetu akashikwa na homa kali. Kila ibada alikuwa akilala mgongoni mwa mamake. Mnong'ono ukaenea kwenye mashamba ya chai: kisa ni kuchorwa. Jumapili iliyofuata wanaume wakamzingira mchoraji, mmoja ameshika kiberiti. Nyanya akajipenyeza katikati.

"Hata mimi simwamini," akasema. "Lakini hapa hachomwi mtu wala kitu. Mwanangu, geuza hiyo picha tuone."

Mchoraji akaigeuza. Kila mtu akajitafuta. Jirani akamwona mwanawe.

"Mtoe!" akalia. "Nakuomba, mtoe mtoto wangu humo!"

Mchoraji hakubisha. Akachovya brashi, akamfunika mtoto kwa rangi ya leso ya mamake. Wanaume wale wale wakambeba mgonjwa mbio hadi zahanati, na baadaye akapona. Wengine walishukuru dawa, wengine brashi.

Nyanya hakushukuru. "Mbona alikubali haraka hivyo?" aliniuliza njiani.

Kanisa la udongo lilibomolewa. Nyanya, jirani, karibu wote waliochorwa wamekwenda. Tumebaki wachache, na mimi nimo. Ni uzee tu, najiambia. Mtoto yule, sasa mama mwenye watoto wake, alikuja mazishini. Nilimwita tuitazame picha pamoja.

"Itazame wewe," akasema, akatoka nje juani.