Vioo Vilivyoshushwa Himo

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia mtu anasema kwenye simu, "Mzigo uko njiani." Nachoka kabla hajamaliza.

Ilikuwa Desemba, miaka ile serikali ilipofungulia watu biashara na kila Mchaga wa Dar akataka nyumba ya kisasa kwao. Nilikuwa kijana wa kazi wa Bwana Dayal, Singasinga aliyekuwa akichora nyumba hapa Moshi na kuzipamba mpaka mapazia. Mimi nilikuwa wa kufuatilia mizigo. Shule yangu ndogo, lakini mdomo nilikuwa nao.

Old Moshi tulikuwa tunamalizia chumba cha Bibi Ndeamka. Alikuwa amelazwa hospitali ya Mawenzi, kifua kinamsumbua, na wanawe walisubiri vioo vya madirisha tu wamrudishe ale Krismasi kwake. Huko juu mlimani usiku baridi inauma. Madirisha matupu yangemmaliza.

"Vioo viko wapi?" Bwana Dayal akaniuliza.

"Vimeshapakiwa Mombasa, bosi. Tuwaambie wakamchukue."

"Kupakiwa ni wapi, wewe? Iko karibu na Masama?" Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. "Umeviona? Nenda ukavione. Mgonjwa hatajifunika maneno yako."

Nikaenda huku nanung'unika. Himo, njia panda ya kwenda Rombo, nikavikuta nyuma ya duka, vimeegemezwa ukutani, mbuzi kafungwa kando yake. Dereva wa lori lililovitoa Mombasa alivishusha apate nafasi ya kreti za bia za kupeleka Rombo. Sisi na Krismasi, unatujua. Nilipomfokea akasema, "Mdogo wangu, vioo havinyweki."

Nikavipandisha kwenye pikapu ya ndizi, nikakaa nyuma nimevikumbatia. Kimoja kilipasuka, dirisha hilo tukaliziba kwa mbao. Bibi akarudi siku ya mkesha.

"Shikamoo, bibi. Utuwie radhi kwa lile dirisha."

"Marahaba. Funga mlango, mjukuu wangu, unaniingizia baridi."

Sasa wewe, mwanangu, unaagizia watu makochi na marumaru. Ukiulizwa mzigo uko wapi, taja mahali, na nani kauona leo. Kama hujui, sema hujui, kisha inuka ukautafute. Usimwite mtu ahamie kabla hujaugusa kwa mkono wako. Inachosha, sikufichi, magoti yangu yaliishia kwenye kazi hiyo, na asante zenyewe hazikuwa nyingi. Ifanye hivyo hivyo.

Mungu akupe magoti imara kuliko haya yangu, na kila unayemwandalia chumba alale humo salama.